Mdhamini Asife Kwanza

Kama umeshikilia pumzi tangu Jumamosi iliyopita, ishushe kidogo, lakini usiimalize. Utaihitaji.

Tulimwacha Charla Stidham chumba cha ultrasaundi, hospitali ya kaunti, taa zimepunguzwa, mkono wake wa kulia umekandamiza kile kifaa juu ya tumbo la mgonjwa. Kwenye kioo cha mashine limejitokeza jambo lisilotakiwa kuwepo. Na mgonjwa mwenyewe ni bibi yake mzaa baba, Bibi Orpha, aliyemlea tangu akiwa na meno mawili.

Jambo lenyewe ni hili. Mshipa mkuu wa damu, ule unaoshuka kutoka moyoni na kupita tumboni, unatakiwa uwe mwembamba kama mpira wa kumwagilia bustani. Wa Bibi Orpha ulikuwa umetuna katikati kama nyoka aliyemeza yai.

Charla alipima. Akapima tena, akiomba mashine iwe ndiyo iliyokosea. Mashine haikukosea. Sentimita sita na ushee.

Mshipa wa namna hiyo hauumi wala hauwashi. Unakaa kimya kama mgeni mwenye adabu, na siku unapopasuka, maumivu hushika mgongo, na mwenye nao hana muda hata wa kutafuta viatu.

Na Charla hakuruhusiwa kusema. Hapa ndipo uijue kazi ya watu hawa. Mpiga ultrasaundi ndiye anayeona kabla ya daktari, lakini mdomo wake umefungwa kwa sheria. Hata kukunja uso ni kosa. Chuoni walimfundisha muhula mzima namna ya kutazama maafa kwa uso wa mtu anayesubiri basi. Mgonjwa akiuliza, jibu ni moja tu: daktari ataisoma picha. Ukiropoka, kibarua kimeota nyasi.

Lakini uso wa kumficha Bibi Orpha haujatengenezwa bado.

"Mbona umenyamaza?" bibi aliuliza. "Ulikuwa unanisimulia habari za paka wa jirani yako."

Charla akasema anataka kupata picha nzuri.

"Paka amekufa?"

"Hajafa, bibi. Tulia, usicheke, tumbo linatikisika."

Mimi ningekuwa Charla ningekimbia. Yeye alibaki, kwa sababu hapakuwa na mwingine. Kanuni ya idara inasema usimpime ndugu yako, na mwenzake Delphia ndiye aliyekuwa apokee mgonjwa wa mchana. Delphia alikuwa amekwenda kula. Kulikuwa na kijana wa eksirei aliyejitolea kusaidia, ila Bibi Orpha alimtazama kuanzia nywele hadi raba, akasema tumbo lake limeonwa na mume mmoja na mkunga mmoja, na idadi hiyo inamtosha.

Sasa nitakwambia hofu ya pili ya Charla, ile iliyokuja nyuma ya hofu ya kwanza ikinyata kama mwizi. Alipoitambua alijichukia. Alikuwa amemtazama bibi yake amelala pale, kifo kimejikunja tumboni mwake, na kichwa chake kikakimbilia benki.

Usimhukumu haraka. Sikiliza kwanza.

Charla alisoma chuo cha binafsi upande wa pili wa mlima, miaka minne, shahada kamili, majengo ya matofali mekundu na chemchemi katikati ya bustani. Aliyewashawishi ni bwana mmoja mwenye tai, aliyekuja shuleni kwao na kuwaambia wahitimu wa ultrasaundi wanapata zaidi ya dola elfu sitini kwa mwaka. Hakusema wapi. Wanazipata kweli, huko kwenye majiji ambako chumba kimoja kinameza nusu ya mshahara. Huku kwenye milima ya Kentucky mashariki, hospitali ya kaunti inalipa dola ishirini na moja kwa saa, na unashukuru.

Mkopo wa serikali ulitosha robo ya njia. Iliyobaki ilitoka benki, na benki ilitaka mdhamini. Bibi Orpha, mjane mwenye nyumba isiyodaiwa na jina lisilo na doa, alivaa gauni la kanisani akaenda kutia saini.

Ndani ya mkataba kulikuwa na kipengele, na kipengele hicho ndicho kilichokuwa kinamzunguka Charla kichwani saa ile. Mdhamini akifa, mkopo wote unadaiwa kwa mkupuo. Hata kama hujawahi kuchelewa siku moja. Benki haitumi maua. Inatuma hesabu: dola elfu hamsini na nane. Ukishindwa, wanakata mshahara wako, na wanaiandama nyumba ya marehemu vilevile.

Mlinganishe na Delphia Mullins uone maajabu. Delphia alisoma miaka miwili tu katika chuo cha jamii kule chini, karo akiilipa kwa kukaanga kuku jioni. Walifanya mtihani mmoja wa leseni. Wana kitambulisho cha rangi moja na mshahara mmoja mpaka senti ya mwisho. Ila siku ya mshahara Delphia hununua tairi jipya, na Charla hulipa dola mia saba na themanini kabla hajanunua hata mayai. Siku Delphia alipoambiwa deni lenyewe, aliweka chini mkate wake.

"Shoga," alisema, "ile chemchemi ya chuoni kwenu ilikuwa inatoa nini, bia?"

Charla alicheka siku ile. Leo hakuwa na kicheko.

Alikuwa anaifuta jeli ya kipimo tumboni mwa bibi kwa taulo, taratibu, akitafuta maneno ya kumwambia bibi asubiri kidogo, asiinuke, daktari anakuja kumsalimia tu. Uso ameuweka kama wa mtu anayesubiri basi. Akadhani amefaulu.

Bibi Orpha akamshika kifundo cha mkono.

"Mshipa umekua?"

Charla akajifanya hajasikia.

"Mwezi wa tatu waliniambia tano na nusu," bibi alisema, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya viazi. "Kliniki ya kule juu. Leo ni ngapi?"

Ndiyo. Alijua. Miezi mitatu alikuwa anapanda ngazi, anapalilia bustani, anabeba ndoo za maji ya kuku, na huku anajua. Charla akashika ukingo wa kitanda. Alitaka kusema lile jibu la chuoni, kwamba daktari ataisoma picha, lakini kichwa chake kikatikisika chenyewe kukubali. Ndiyo, umekua. Kanuni imevunjika, na ilivunjika bila hata neno.

"Nilijua tu," bibi alisema. "Ndiyo maana nimekuja saa ya Delphia kula. Wewe huwezi kunidanganya. Hujawahi kuweza, hata ulipovunja bakuli la krismasi."

Kisha akaeleza mpango wake.

Kule kliniki walitaka kumpeleka akapasuliwe tangu mwezi wa tatu. Alikataa. Hakukataa kwa kuogopa kisu. Mtu aliyezaa watoto wanne kwenye nyumba isiyo na umeme haogopi visu. Alikataa kwa sababu ya benki. Mkataba uleule uliokuwa na kile kipengele cha kifo ulikuwa na mlango mmoja wa kutokea: mkopaji akilipa marejesho arobaini na nane mfululizo, kwa wakati, bila kuruka, anaweza kuomba mdhamini aondolewe. Mdhamini akishaondolewa, akifa amekufa peke yake. Deni halimhusu tena na halimwangukii mtu kwa mkupuo.

Bibi Orpha alikuwa anahesabu kichwani tangu rejesho la kwanza.

"Limebaki moja," alisema. "Tarehe kumi na tano ya mwezi ujao. Mimi naogopa kufia kwenye meza ya upasuaji kabla ya tarehe hiyo, Charla, siogopi kitu kingine. Ninachotaka kujua kwako ni hiki tu. Wewe umeuona. Mshipa huu utanisubiri mpaka hiyo tarehe?"

Alikuwa anauliza kama mshipa ni mtu wanayefahamiana.

Charla alisema anakwenda kumwita daktari, akamwomba asiinuke, asikohoe, asinyooshe mkono kuchukua hata mkoba. Bibi akauliza kama anaruhusiwa kupumua. Charla akatoka, akafunga mlango, akaegemea ukuta wa korido.

Kwa sababu kuna jambo Bibi Orpha hakulijua, nalo ndilo baya kuliko yote.

Halikubaki moja.

Majira ya baridi ya mwaka juzi mafua yaliijaza hospitali, na Charla alifanya kazi za ziada mpaka akasahau rangi ya jua. Pesa ikaja. Mtu mwingine angenunua koti. Charla, kwa malezi ya bibi yake, akafanya kile ambacho watu wa milima ile wanakiona ndiyo heshima ya mtu: akalipa mapema. Marejesho ya miezi mitatu kwa mpigo mmoja. Kwao, anayelipa deni kabla ya siku yake anatembea katikati ya barabara, kichwa juu.

Kompyuta ya benki haikulelewa na Bibi Orpha. Ilisoma hivi: miezi mitatu huyu hadaiwi kitu. Na mwezi usiodaiwa kitu hauna rejesho. Na pasipo na rejesho, mfululizo umekatika. Hesabu ikarudi sifuri, ikaanza upya.

Aliambiwa kwa simu, na kijana mwenye sauti tamu kama asali ya dukani, aliyesema pole sana, kisha akauliza kama kuna jambo lingine angependa kusaidiwa. Tangu siku hiyo Charla alilibeba peke yake. Alimwona bibi akihesabu kwa furaha, thelathini na tano, arobaini, arobaini na nne, akakosa moyo wa kumwambia. Ukweli ni kwamba mwezi huu amelipa la kumi na tano. Imebaki karibu miaka mitatu.

Na huyu mama amekaa na bomu tumboni akisubiri mwezi mmoja.

Delphia alimkuta pale ukutani, akirudi na soda mkononi. Charla alimsimulia kwa vipande, pumzi juu juu. Delphia hakutania. Alimsukuma kuelekea kwenye simu ya ukutani, akamwambia apige, sasa hivi, mengine atayalia baadaye.

Daktari Kurian akashuka mwenyewe. Huyu ni msomaji wa picha, Mhindi wa Kerala aliyekaa milimani miaka ishirini, mpole, mwenye koti jeupe linalonukia iliki. Aliitazama picha bila kukaa. Kisha akaenda kitandani, akavuta kiti, akaanza kumweleza Bibi Stidham, kwa heshima zote, kwamba wameona jambo kwenye mshipa.

"Najua, daktari," bibi alimkatiza. "Umepita tano na nusu."

Daktari akageuza kichwa polepole, akamtazama Charla. Charla aliona kitambulisho chake kikivuliwa shingoni, aliona mshahara ukikatika, aliona tarehe kumi na tano ikija na mkono mtupu.

"Hilo tutalizungumza baadaye," Daktari Kurian alisema. Akamrudia mgonjwa.

Alimweleza waziwazi. Umekua haraka kupita kawaida, na huo ukuaji ndio unaomtisha kuliko ukubwa wenyewe. Helikopta inaweza kumfikisha Lexington kabla ya jua kuzama. Huko kuna wapasuaji wanaopitisha mrija mwembamba kwenye kinena, wanaweka bitana ndani ya mshipa kama fundi anayeziba bomba. Wengi wanaamka salama. Wanaorudi nyumbani kusubiri, alisema, yeye huwasoma kwenye tanzia za gazeti.

Bibi Orpha alimsikiliza mpaka mwisho. Akamshukuru. Akamuuliza kama achari ya nyanya aliyomtumia mwaka jana ilifika, au yule mlinzi wa getini aliila. Kisha akasema atakuja mwenyewe, kwa miguu yake, baada ya tarehe kumi na tano ya mwezi ujao, na akaomba apewe blauzi yake. Ameacha maharage jikoni kwenye moto mdogo.

Daktari akamwambia huenda hiyo tarehe asiifikie.

"Nitaifikia. Nimekuwa mbishi miaka sabini na sita, mwezi mmoja ni kitu gani."

Daktari hana haki ya kumfunga mtu kamba. Alisimama, akasema anakwenda kupiga simu Lexington hata hivyo, akimsihi afikirie. Alipompita Charla mlangoni alinong'ona kwamba kama kuna mtu duniani anayeweza kumgeuza mama huyu, basi na afanye hivyo sasa.

Mlango ukafungwa. Wakabaki wawili na mlio wa mashine.

Bibi alikuwa ameshakaa. Mkono mmoja umeingia kwenye blauzi, mwingine unatafuta tundu la pili. Charla alitazama tumbo lile likijikunja na akahisi kama mtu anayemwona mtoto akichezea kiberiti karibu na petroli.

Fikiria mwenyewe alivyobanwa. Akinyamaza, bibi anakwenda nyumbani kusubiri tarehe ambayo haipo. Akisema, anamwambia mgonjwa mwenye mshipa ulio tayari kupasuka habari ambayo ingempandisha presha hata mtu mzima wa afya. Na akishajua, je, kama atasema bora afe tu, maana hakuna tena cha kusubiri? Wazee wengine hufa kwa aibu ya deni kabla ugonjwa haujawafikia.

Charla akapiga magoti ili macho yao yalingane.

"Bibi, hakuna tarehe kumi na tano."

Bibi akasimamisha mkono ndani ya blauzi.

Charla akamwambia yote. Ile baridi, yale mafua, yale malipo matatu kwa mpigo. Alipofika kwenye kijana mwenye sauti tamu, sauti yake mwenyewe ilikatika, akamalizia kwa kunong'ona. Halijabaki moja. Yamebaki thelathini na matatu.

Uso wa Bibi Orpha ulipauka, na Charla alikodolea macho mshipa wa shingoni pake, akiona ulivyokuwa unapiga, akijilaumu kwa kila pigo.

"Umenificha mwaka na zaidi," bibi alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Kwa kulipa mapema."

"Ndiyo, bibi."

"Nani alikufundisha kulipa mapema?"

"Ni mimi," bibi alijijibu. "Mimi na babu yako." Akatazama ukutani. Marehemu mumewe alikuwa mpimaji wa mizani kule mgodini, yule ambaye wachimbaji walimchagua na kumlipa wao wenyewe, akae langoni aangalie kampuni isiwapunje kwenye uzito wa makaa yao. Alikuwa mtu wa kusimamisha kazi nzima kwa ajili ya ratili moja. "Angekuwepo siku ile yule bwana wa tai anatueleza mishahara," bibi alisema, "angemuuliza swali moja tu. Hizo elfu sitini zimepimwa kwenye mizani ya nani? Mimi sikuuliza. Niliona chemchemi."

Charla akaanza kusema samahani. Bibi akamwinulia kidole.

"Nyamaza nipime. Nikifia mezani leo, deni linakuangukia lote."

"Ndiyo."

"Nikifia jikoni kwangu wiki ijayo?"

"Hivyohivyo."

"Nikienda Lexington, wakaniziba hilo bomba, nikaamka?"

"Tunaendelea kulipa. Kila mwezi, siku yake, wala sio mapema."

"Karibu miaka mitatu."

"Karibu mitatu."

Bibi Orpha akatoa mkono kwenye blauzi, akaitupa miguuni pa kitanda. Akajilaza mwenyewe, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

"Basi nenda kamwambie Daktari Kurian alete hilo dege lake," alisema. "Nilikuwa najiandaa kufa vizuri, sasa nalazimika kuishi. Na uniletee mkoba, kuna kamkate kenye soseji ndani, sijala tangu jana."

"Huruhusiwi kula, bibi, wanakupasua."

"Hata mfungwa wa deni hupewa chakula," bibi alinung'unika, na Charla akacheka huku machozi yakimdondokea kwenye taulo la jeli.

Mambo yakakimbia. Wauguzi wawili waliingia, sindano, mrija wa maji mkononi, mkanda wa presha unaobana na kuachia. Delphia alipewa ufunguo wa nyumba akazime maharage. Daktari Kurian alisema kwa simu maneno machache makali ambayo hakuna aliyewahi kumsikia akiyatumia. Chumba kilichokuwa kimya kilijaa viatu.

Helikopta ilisikika kabla haijaonekana. Machela ilisukumwa kupitia mlango wa nyuma mpaka kwenye uwanja wa saruji, upepo wa mapanga ukipiga mashuka, na Charla akikimbia kando, amemshika bibi mkono. Jamaa mwenye kofia ngumu akamwambia kwa ishara kwamba ndugu hapandi. Nafasi ni ya mgonjwa tu. Atafuata kwa gari, saa mbili za milima.

Alikuwa anainama kumbusu kwaheri alipoona macho ya bibi yamebadilika. Hofu. Mara ya kwanza siku ile, na pengine mara ya kwanza tangu Charla azaliwe, Bibi Orpha alikuwa anaogopa.

"Sogea," bibi alisema. Charla akaweka sikio mdomoni pake, maana kelele ilikuwa inameza kila kitu. "Na mimi nilikuficha kitu. Ni Tressa."

Tressa ni mdogo wake Charla. Ana miaka kumi na minane. Amemaliza shule mwezi uliopita, na tangu utotoni hajawahi kutaka kuwa kitu kingine zaidi ya kuwa kama dada yake.

"Alikuona wewe na nguo zako za hospitali," bibi alisema. "Ulituambia sote mshahara ni mzuri. Kila krismasi ulituambia. Amepata nafasi chuo kilekile, mambo ya tiba ya mapafu. Yule bwana wa tai akaja mpaka nyumbani."

"Bibi, ulimwambia nini?"

"Nilidhani udhamini wako unaisha mwezi ujao. Nilidhani naachia mmoja nashika mwingine." Vidole vyake vikauminya mkono wa Charla mpaka mifupa ikagusana. "Nilitia saini Jumatatu. Mkopo wake ni mkubwa kuliko wako."

Jamaa wa kofia ngumu akapiga kelele kwamba wakati umekwisha. Machela ikainuliwa. Charla aling'ang'ania ule mkono, akatembea nao hatua mbili, akifungua mdomo kusema neno lolote, neno hata moja la kumtoa hofu.

Lakini Bibi Orpha hakuwa anamsikiliza tena. Uso wake ulikuwa umekunjamana ghafla, na ule mkono mwingine, wenye mrija, ulikuwa unapapasa nyuma kwenye shuka, ukitafuta kiunoni.

"Charla," alisema, kwa mshangao kama wa mtoto. "Mgongo wangu unachanika."